Msimamo na Amri

Kijana mwenye kichwa kigumu huambiwa maneno mawili yanayopingana kuhusu jeshi. Akiwasumbua wazazi, watu husema: mpelekeni jeshini akanyooke. Siku kijana huyohuyo akitaka kujiandikisha kwa hiari yake, husema: jeshi hutaliweza, wewe umezoea kuuliza maswali. Kauli zote mbili zina mzizi mmoja, nao ni imani kwamba jeshi na mtu mwenye msimamo wake hawakai nyumba moja. Ama jeshi litamvunja, ama yeye atalikimbia. Nakataa imani hiyo. Tena siikatai kwa kumwonea huruma kijana atakayekosa kazi, maana kazi ziko nyingine, bali kwa ajili ya raia watakaolindwa na jeshi hilo. Jeshi lililowachuja watu wenye msimamo likabaki na watiifu watupu ni la kuogopwa na wananchi wake kabla halijaogopwa na adui.

Tuanze kwa kumtambua mtu tunayemzungumzia, maana hapo ndipo wengi hupotea. Mwenye msimamo si mkaidi. Tazama uwanja wa gwaride alfajiri, kuruta wakifunzwa kwata. Sauti inapaa: mguu pande! mguu sawa! na buti zinatua kwa kishindo kimoja. Mmoja akichelewa nusu sekunde, kikosi kizima kinarudia. Anayetazama kutoka nje ya uzio huona watu wanaogeuzwa mashine, na hajakosea kabisa; mwili unafundishwa kuitika kabla akili haijaanza kubishana, kwa sababu risasi zikianza kulia hakuna muda wa kuitisha kikao. Mkaidi hawezi kuishi hapo. Kila amri kwake ni tusi, kwa kuwa imetoka kwa mtu mwingine. Akiambiwa atandike kitanda upya huona utu wake umeguswa. Mwenye msimamo hutandika kitanda mara tatu na usiku akalala usingizi, kwani anajua heshima yake haimo katika shuka. Hawa wawili huchanganywa kwa sababu iko siku wote wawili husema hapana. Lakini mkaidi amekuwa akisema hapana tangu asubuhi, na hakuna anayemsikiliza tena. Mwenye msimamo amesema “ndiyo, afande” miaka kumi mfululizo, na siku anapokataa, hata afande hunyamaza akajiuliza.

Vitabu vya dini, ambavyo mara nyingi hutajwa ili kuhimiza utii, vina ushahidi mzito juu ya jambo hili. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, Mfalme Sauli anawaamuru walinzi wake wawaue makuhani wa Nobu kwa kosa la kumsaidia Daudi. Walinzi wale, waliokula mkate wa mfalme na kusimama kando yake kila siku, wanakataa kuwagusa makuhani. Sauli anamgeukia Doegi Mwedomi, naye anaua watu 85 siku ile. Kwa kipimo cha utii mtupu, Doegi ndiye askari bora katika sura nzima, na sidhani yuko msomaji wa Biblia atakayekubali hivyo. Waislamu nao wana hadithi, imo katika Bukhari na Muslim, ya kikosi kilichotumwa na Mtume chini ya amiri aliyewakasirikia askari wake. Akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani yake. Wakasita, wakakumbushana kwamba walimfuata Mtume ili kuukimbia moto. Hasira ya amiri ikapoa. Mtume alipopata habari alieleza kwamba lau wangeuingia wasingetoka humo, na kwamba utii ni katika jambo jema. Kinachonigusa katika kisa hicho ni mpangilio wa vitendo. Kuni walikusanya kama walivyoamriwa. Moto waliuwasha kama walivyoamriwa. Walisimama ukingoni mwake, wala hawakuacha kuwa askari kwa kusimama pale.

Pingamizi zito limetoka kwa mtu ambaye hakuwa mpenzi wa utii wa kipofu. Immanuel Kant, katika insha yake ya 1784 kuhusu maana ya kuelimika, alitetea uhuru wa kila mtu kutumia akili yake, lakini ofisa wa jeshi akamwekea mpaka: akiwa kazini asibishane juu ya kufaa kwa amri, atii, kisha baadaye, kama msomi mbele ya umma, aandike makosa aliyoyaona. Kwa amri nyingi naona Kant yuko sahihi kabisa. Kombania ikiamriwa kupita bonde la kushoto, luteni anayeona la kulia ni bora aseme mara moja, kwa adabu, kisha apite kushoto kwa moyo wote, maana kombania iliyogawanyika nusu huku na nusu kule imekwisha. Lakini katika insha hiyohiyo Kant anasema juu ya kasisi kwamba, mafundisho anayotakiwa kuyatoa yakipingana na kiini cha dini kwa dhamiri yake, ajiuzulu. Kumbe hata kwake utii ulikuwa na ukuta wa mwisho. Tatizo ni kwamba askari hana nafasi ya kasisi. Aliyeamriwa kufyatua risasi sasa hivi hawezi kuandika barua ya kujiuzulu akangoja majibu, wala insha ya baadaye haimfufui aliyeuawa. Kwake ukuta uko hapohapo, kati ya kidole chake na bunduki. Sheria ya kimataifa imeutambua. Mkataba wa Roma wa 1998, ambao Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wake, unasema katika kifungu cha 33 kwamba amri ya mkubwa haimwokoi askari ikiwa uharamu wake uko wazi, na kwamba amri ya kutenda mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu ni haramu ya wazi siku zote. Maana yake sheria inamdai askari awe na kichwa chake mwenyewe. Huwezi kumdai kitu hicho kisha ukamrudisha langoni kwa sababu anacho.

Sheria hubaki karatasi mpaka apatikane mtu. Kigali, Rwanda, mwaka 1994, alipatikana Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa asiye na silaha. Mauaji ya kimbari yalipoanza mwezi Aprili, waangalizi walitakiwa wasiingilie. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa tarehe 7. Watoto wake walikuwa mafichoni, na Diagne ndiye aliyewaficha na kuwatorosha hadi Hôtel des Mille Collines. Tangu hapo hakuacha. Alipakia watu wachachewachache katika gari la Umoja wa Mataifa, akapita nao kwenye vizuizi vya wanamgambo wenye mapanga, akawashusha, akarudi kuchukua wengine. Kwenye vizuizi alitumia alichokuwa nacho: sigara, utani, na uso uliokwisha kuzoeleka. Aliokoa mamia. Mkuu wa kikosi, Jenerali Roméo Dallaire, alijua, wala hakumzuia. Je, huyu alikosa nidhamu? Kazi zake nyingine zote aliendelea kuzifanya. Tarehe 31 Mei, kombora la mota lilipotua nyuma ya gari lake na kumuua, alikuwa amebeba ujumbe wa kumpelekea Dallaire. Utulivu wa kusimamisha gari mbele ya panga, watu wakiwa wamejificha kiti cha nyuma, na kuwasha sigara bila mkono kutetemeka, ni utulivu wa mtu aliyefundwa na jeshi. Kutii amri nyingi ndiko kulikompa uwezo wa kuivuka moja.

Hapa mtu wa Dar es Salaam atanikumbusha Januari 1964, na ana haki. Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, leo Lugalo, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza wakaingia mjini. Walidai nyongeza ya mishahara na maofisa Waafrika. Madai yenyewe hayakuwa ya ovyo; nchi ilikuwa huru tangu 1961 na jeshi lake bado liliongozwa na wageni. Lakini maduka yaliporwa, watu walikufa, na Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaomba Waingereza waje kulizima jeshi la nchi yake, jambo lililomuumiza sana. Jeshi lile lilivunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Uganda na Kenya nazo zilitikiswa wiki ileile. Kwa hiyo anayesema kwamba askari wakianza kufuata vichwa vyao nchi huungua, hasemi ndoto. Namjibu kwa kumwomba atazame mambo mawili: bunduki ilielekezwa wapi, na nani alibeba gharama. Walioasi Colito walishika bunduki ili wapate kitu, hata kama walikistahili, na gharama ikawaangukia wenye maduka na watoto wa taifa changa. Diagne hakudai cheo wala mshahara. Aliyekuwa hatarini kwa uamuzi wake ni yeye kwanza. Walinzi wa Sauli hawakumpindua Sauli. Walisimama tu, mikono imeshuka, na mfalme alikuwa na uwezo wote wa kuwaadhibu. Kukataa kwa dhamiri hakuchukui madaraka ya mtu; humwachia mkubwa madaraka yake yote, isipokuwa mkono mmoja anaotaka kuutumia kwa dhuluma. Tena nathubutu kusema kwamba maasi na mapinduzi huwategemea mno watiifu watupu: wachache hupanga, na wengi hufuata aliye mbele yao kwa sababu hawajazoea kujiuliza.

Litabaki pingamizi la kwamba askari wa chini haoni picha nzima. Ni kweli, na ndiyo sababu mashaka madogo hayatoshi; palipo na shaka, amri halali ipewe uzito. Lakini aliye juu naye haoni kila kitu. Tarehe 26 Septemba 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha tahadhari cha Kisovieti wakati mitambo ilipotangaza kwamba Marekani imerusha kombora, kisha mengine manne. Utaratibu ulimtaka aripoti shambulio. Yeye alijiuliza ni nani aanzishe vita vya nyuklia kwa makombora matano tu, akaripoti hitilafu ya mitambo. Kumbe ulikuwa mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu. Na huko My Lai, Vietnam, tarehe 16 Machi 1968, rubani wa helikopta wa Marekani Hugh Thompson hakuhitaji picha nzima kuona wanakijiji wamelala mtaroni, wameuawa na askari wa jeshi lake mwenyewe. Alitua kati ya askari wenzake na raia waliokuwa bado hai, akawaondoa. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji ramani ya vita ili ajulikane kuwa si adui.

Sifichi kwamba watu hawa walilipa. Thompson alitengwa na kutukanwa kwa miaka mingi, na nishani ya ushujaa wa siku ile ilimfikia 1998, miaka 30 baadaye. Petrov alikaripiwa kwa kutojaza kitabu cha kumbukumbu. Diagne alikufa akiwa na miaka 36. Baraza la Usalama liliunda nishani yenye jina lake mwaka 2014. Kwa hiyo akiniuliza mtu kama jeshi litamfaa kijana mwenye msimamo, yaani kama litampa raha na vyeo vya haraka, siwezi kumwahidi. Akiniuliza kama kijana huyo analifaa jeshi, namjibu ndiyo bila kusita. Basi mzazi mwenye kijana wa namna hii, anayeuliza asipoelewa na akishaelewa akafanya kazi aliyopewa bila kusimamiwa, usimfiche fomu. Nawe ofisa unayekaa mezani siku ya usaili, akikujibu kwamba yako mambo ambayo hatayafanya hata akiamriwa, usimkate jina.