Mtoto Mwenye Njaa Hana Upande



Somo letu ni Warumi 12:20. Mtume Paulo anatuagiza tumlishe adui yetu akiwa na njaa. Tukilisikia neno hili kanisani tunaitika Amina. Tukifika nyumbani tunaulizana: huyu mtoto ni wa kabila gani? Baba yake alikuwa upande gani?

Tuangalie mfano. Vita Kuu ya Kwanza vilikoma Novemba 1918, lakini Uingereza na wenzake waliendelea kuzuia chakula kisiingie Ujerumani na Austria. Watoto wa huko walikonda na kufa. Mwingereza mmoja, dada Eglantyne Jebb, akagawa karatasi zenye picha za watoto hao mjini London. Alikamatwa, na mahakama ikamtoza faini ya pauni 5. Ndipo mwendesha mashtaka mwenyewe akampa pauni 5. Fedha ya aliyemshtaki ikawa sadaka ya kwanza ya kazi yake.

Mwezi Mei 1919, yeye na mdogo wake Dorothy Buxton walianzisha shirika la Save the Children. Wako waliowaita wasaliti kwa kulisha watoto wa adui. Hawakuacha. Mwaka 1921 njaa ilipoipiga Urusi, shirika lilipeleka chakula huko pia. Mwaka 1923 Jebb aliandika tamko la haki za mtoto, na mwaka 1924 Shirikisho la Mataifa likalipokea. Hata leo shirika hilo linafanya kazi katika nchi nyingi, Kongo yetu ikiwemo.

Ndugu, hatusemi ni rahisi. Wako kati yetu waliozika watu wao njiani. Lakini mtoto wa jirani hakushika bunduki. Anasimama mlangoni petu saa ya chakula, kama watoto wetu walivyosimama milangoni pa watu siku tulipovuka mpaka. Mgao ni mdogo, ndiyo. Pauni 5 nazo zilikuwa ndogo.

Basi juma hili tunaomba kila nyumba imwite mtoto mmoja yatima, wa lugha isiyo yetu, ale sahani moja na watoto wetu. Tumwite kwa jina lake, si kwa jina la kabila lake.

Bwana atusaidie. Amina.