Moyo Uliohudhuria

Watu wawili wakikutana njiani Unguja, Pemba au Lamu, salamu zao hazimaliziki kwa neno moja. Huulizana habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto na za kazi, na kila swali hupata jibu lake: njema, salama, njema. Mgeni akisikiliza aweza kudhani kwamba katika miji hii hamna mwenye dhiki. Mwenyeji anaijua adabu ilivyo. Wema hutangulizwa kwa kushukuru. Msiba, ukiwapo, hufuata nyuma ya neno dogo: "lakini". Aliyeuliza akaenda zake kabla ya "lakini" amesalimu, ila hakumjulia mwenziwe hali.

Uzingativu, yaani kuuweka moyo pale mwili ulipo, umekuwa dawa inayosifiwa pembe nyingi za dunia. Asili yake ni mazoezi ya kale ya Wabudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliyaingiza katika tiba kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu na fadhaa. Mafunzo yake ni ya wiki 8, na miongoni mwa masomo ya mwanzo ni kula zabibu kavu moja: kuitazama, kuinusa na kuitafuna polepole kana kwamba haijapata kuonwa. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha uchunguzi wa watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, kwa nyakati wasizozitarajia, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo fikra zilikuwa kwingine. Na hata aliyewaza jambo la kupendeza hakuwa na furaha zaidi ya aliyeizingatia shughuli yake.

Wahenga wasingeshangaa, kwani walikwisha kunena kuwa mshika mawili moja humponyoka. Wala waswalio hawahitaji kufunzwa tofauti ya mwili uliosimama safuni na moyo ulioko sokoni.

Basi nafuu ipo. Swali ni hili: moyo uliohudhuria ni dawa ya mwenye moyo, au ni haki ya aliye mbele yake? Mtu akiutaka utulivu kwa ajili ya nafsi yake tu, kila kinachomtibua atakiona adui: mtoto anayelia, jirani mwenye maneno mengi, mzee arudiaye kisa kile kile. Atafunga mlango ili atulie. Utulivu huo ni wa maji ya mtungini. Yametulia kwa sababu yamefungiwa.

Na atazamwe fundi anayetia kalafati. Hushindilia pamba iliyorowekwa mafuta baina ya mbao za jahazi, pigo kwa pigo, upenyo kwa upenyo, huku sikio lake likifuata mlio wa nyundo. Hakukaa pale kutafuta raha ya moyo. Anajua kwamba upenyo mmoja uliosahauliwa utapitisha maji, na watakaoyakumba maji hayo ni watu wengine, mbali na pwani. Akimaliza, moyo wake umetua. Lakini utulivu huo umemjia kwa mlango wa nyuma, wakati yeye alikuwa akiwashughulikia wasafiri.

Mwenye fadhaa halaumiwi akianza na pumzi zake, kwani anayezama hawezi kumwokoa mwenziwe. Ila kuanzia hapo si kuishia hapo. Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1943, aliona kwamba kumpenda jirani kikamilifu ni kuweza kumwuliza ni lipi linalomsibu. Watu wa pwani huliuliza swali hilo kila asubuhi. Wanalo ulimini, lililobaki ni kulingojea jibu lake.

Mazoezi hayo hayana ada wala chumba maalumu. Ni kusimama kidogo baada ya "njema" ya tatu, macho yakiwa usoni mwa aliyeulizwa na simu ikiwa mfukoni. Mara nyingi hakutafuata kitu, na kila mmoja atashika njia yake. Siku itakapofuata "lakini", mwenye kuisema atamkuta mtu bado yupo.