Kutokuona na Kutokuwapo

Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya ushairi wa Pemba aweza siku hizi kukaa Chake Chake akapekua orodha za maktaba za London na Leiden bila ya kupanda boti. Umeme wa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika kisiwani mwaka 2010, mtandao nao upo, na hifadhidata nyingi za maktaba zimeachwa wazi kwa atakaye. Huandika neno, hubonyeza, hujibiwa papo hapo. Aghalabu jibu huwa ni sifuri. Je, sifuri ile ana haki ya kuinakili vipi katika tasnifu yake?

Wepesi wake ni kuandika kwamba hakuna maandishi juu ya jambo hilo. Ni sentensi inayopendwa sana, maana humfanya aiandikaye kuwa wa kwanza. Lakini na atazamwe mshairi Kamange. Jina lake ni Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy; Kamange ni la umaarufu. Yupo amwandikaye Jahadhmi, na yupo amwandikaye al-Jahdhami, kwa kuwa mashairi ya zama zake yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, na kila aliyeyageuza kwa hati za Kirumi alifuata sikio lake. Mwenziwe Sarahani huenda akawa Sarhani kwenye orodha nyengine. Mashine haijui kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja mpaka mkutubi awe ameketi akaiambia. Na pale ambapo hakuambia, mshairi mmoja huwa watu watatu, au huwa si mtu kabisa.

Hata neno Pemba ni mtego. Atakayeliandika peke yake ataletewa habari za mji wa kaskazini mwa Msumbiji, ule uliokuwa ukiitwa Porto Amélia. Wakati huohuo hataletewa maandishi ya Kiarabu yanayokiita kisiwa Jazirat al-Khadra, wala habari za Kanbalu alizoziandika al-Masudi katika karne ya 10, ambayo wataalamu wengi wanakisia kuwa ilikuwa Pemba. Kitabu cha W. H. Whiteley cha mwaka 1958 juu ya lahaja na mashairi ya Pemba kina jina la Kiingereza. Atafutaye kwa neno la Kiswahili ataweza kukipita kama apitaye mlango wa jirani usiku.

Wanazuoni wa fikihi wana kanuni ya zamani kwamba kutokiona kitu si dalili ya kutokuwapo kwake. Kusema “sikuona” ni ushahidi wa mtu juu ya nafsi yake: juu ya macho yake, juhudi yake na muda wake. Kusema “hakuna” ni ushahidi juu ya ulimwengu mzima, nao hauwezi kutolewa na aliyetazama kupitia kidirisha kimoja. Mashairi ya Kamange na Sarahani yalikuwamo vifuani na madaftarini muda mrefu kabla ya *Kale ya Washairi wa Pemba* kuchapishwa mwaka 2011 chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Chapa haikuyaumba.

Atasema mwenye pingamizi: utafiti una mwisho, na mwanafunzi ana tarehe ya kukabidhi kazi. Ni kweli, na hakuna amtakaye apekue milele. Lakini madhara ya neno “hakuna” hayaishii kwa msimamizi wa tasnifu. Mjukuu mwenye kasha la karatasi za babu yake huambiwa na wasomi kwamba mambo hayo hayakuandikwa. Basi karatasi zile kwake huwa taka, na mchwa hawana haja ya kutafutiwa ruhusa.

Kuna pia kasha lisilofunguliwa kwa makusudi, na wenye makasha hawastahili kulaumiwa haraka. Mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyohifadhiwa kwa juhudi kubwa ya Mwalimu Sikujua wa Mombasa, yamo London katika hati zinazojulikana kwa jina la mmishonari Taylor. Hayakupotea, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini atafutaye huelekezwa kwanza kwa aliyeyachukua. Mwenye kasha anayeyajua hayo ana sababu ya kusita kumkabidhi mgeni ufunguo, na sifuri ya mashine huwa imechangiwa na pande zote mbili.

Kinachodaiwa kwa mwanafunzi ni kidogo, ila kina uzito wake: ukurasa mmoja unaotaja hifadhidata alizozipekua, tarehe, na kila tahajia aliyoijaribu, Jahadhmy na Jahdhami, Pemba na al-Khadra, na chini yake, nyumba za Wete na Chake Chake alizobisha hodi, pamoja na zile alizojibiwa kwamba mwenyewe hayupo, arudi kesho.