Picha na Ukuta Wake

Katika mitaa ya Mchikichini, ukingoni mwa Kariakoo, picha ni mtumishi kabla ya kuwa pambo. Kichwa kilichonyolewa vizuri, kikachorwa mlangoni mwa kinyozi, humwarifu hata asiyejua kusoma kwamba wembe upo. Cherehani iliyochorwa ukutani humwita mwenye nguo iliyochanika. Picha hizo hazitozi ada ya kutazamwa, wala hazichagui mtazamaji: mchukuzi na hakimu huziona kwa haki moja. Je, ni haki kuing'oa picha ya namna hiyo na kuitundika katika jumba la sanaa?

Wako wasemao kuwa ni haki, na hoja yao si nyepesi. Jua na mvua ni maadui wa rangi. Mwenye duka akihama, mrithi wake hupaka chokaa juu ya yote. Januari 2022 moto uliliteketeza Soko la Karume, papo hapo Mchikichini. Na moto haubagui baina ya bidhaa na mchoro. Jumba huhifadhi kilichokuwa karibu kupotea, na humpa fundi heshima ya kutajwa jina.

Mfano wao ni Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, na kazi zake zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Alikufa mwaka 1972, na jina lake likawa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Walakini mfano huu hauthibitishi yote. Tingatinga alichora mbao ili ziuzwe. Safari ilikuwamo katika nia yake tangu mwanzo. Picha ya kinyozi haikuchorwa isafiri. Ikiwekwa chini ya taa za jumba, huwa mwito uliokosa wa kuuitikia, na jirani aliyeizoea huikuta nyuma ya mlango wenye bawabu.

Mwaka 2013 kipande cha ukuta chenye picha ya Banksy kilikatwa katika duka moja la Wood Green, London, kikapelekwa Miami kupigwa mnada. Wakazi walipinga hata kikaondolewa mnadani. Lakini mwaka ule ule kiliuzwa London. Hati ya nyumba humpa mtu matofali. Wakazi wale walidai kitu kisichoandikwa katika hati: haki ya macho yaliyozoea.

Basi hukumu haitoki jumbani wala ukutani, bali katika nia ya mchoraji na ridhaa ya wanaoishi na picha. Iliyochorwa iuzwe, na isafiri, mradi fundi alipwe thamani ya kazi yake, si thamani ya dhiki yake. Iliyochorwa kwa ajili ya mtaa, na ibaki, hata ikififia. Maana kufifia kwake ndiko kumwitako tena fundi mwenye mkebe wa rangi. Ikilazimu kuihamisha ili isiangamie, na ihamishwe kwa ridhaa, na fundi wa mtaa apewe ujira wa kuchora nyingine mahali pale pale. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kumtunza mchoraji si kuuhifadhi ukuta wake wa jana tu. Ni kumpa ukuta wa kesho.