Je, Yafaa Mzazi Kupekua Jumbe za Mwanawe?

Miongoni mwa maswali yanayozidi kuletwa katika darsa zetu ni hili la simu za vijana. Baba ana mtoto wa miaka kumi na mitano. Usiku kioo cha simu chamulika chini ya blanketi, na mtu akiingia chumbani simu hugeuzwa kifudifudi. Je, yafaa baba huyo angoje mwanawe alale, kisha aichukue simu ile azisome jumbe zake?

Twapenda kulitazama swali hili kwa hali ya jamaa zetu wa pwani waliohamia miji ya Mlima Kenya, kama Kutus iliyoko Kirinyaga, kwenye njia ya Mwea na Kerugoya. Vijana wengi wa huko husoma bweni, na shule nyingi za bweni haziruhusu simu. Ifikapo likizo ya Aprili, ya Agosti au ya mwisho wa mwaka, kijana hupewa simu, na ulimwengu wote humjia kwa mara moja. Kwa simu hiyo humsalimu nyanya yake Mombasa na kuzungumza na binamu zake wa Lamu. Na kwa simu hiyo hiyo mtu asiyejulikana aweza kumfikia kitandani. Kuikataza kabisa ni kukata udugu, na kuiachilia kabisa ni kulala na mlango wazi.

Wako wasemao: mzazi ni mchunga, naye ataulizwa, basi hana haja ya kubisha hodi. Kauli hii ina haki ndani yake, lakini haikukamilika. Surat Nur yawafundisha watoto wadogo kubisha hodi katika nyakati tatu za faragha, na wakishabaleghe wabishe hodi kama watu wazima. Basi kijana atajifunzaje kuheshimu sitara ya wazazi wake, iwapo yake yeye haina thamani? Na Surat Hujurat imekataza upelelezi. Husimuliwa kwamba Sayyidna Umar alipanda ukuta akamkuta mtu katika maasi, na mtu yule akamjibu kwamba yeye amekosa moja, na Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, wala hakubisha hodi.

Itasemwa kwamba yule alikuwa mtu mzima, na mtoto ni amana mikononi mwa mzazi. Ni kweli. Kwa hiyo hatusemi mzazi asitazame, twasema asinyemelee. Mchunga huonekana na kundi lake, mwizi ndiye ajifichaye.

Isitoshe, kunyemelea hakumfai mwenye kunyemelea. Tangu mwaka 2016 jumbe za WhatsApp hufungwa hata kampuni yenyewe isiweze kuzisoma, na tangu 2020 zaweza kuwekwa zijifute zenyewe. Zitakazobaki zitakuwa za Sheng na Kikuyu cha Kirinyaga. Baba aliyelelewa Lamu atapata nini humo ila dhana? Na hasara kubwa ni nyingine. Binti aliyetishwa kwamba picha yake itasambazwa ana mtu mmoja wa kumkimbilia, naye ni mzazi wake. Akishajua kwamba mzazi huyo humvizia, atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko atakako yule amtishaye. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta imefanya kusambaza picha za utupu za mtu kuwa jinai, na simu ya msaada wa watoto ni 116; lakini hayo yote hayana faida mpaka mtoto afungue kinywa.

Basi yatupasa nini? Kwanza, masharti yatajwe siku simu inapotolewa, si siku ya ugomvi: kwamba mzazi ana haki ya kuomba kutazama, na atatazama mwenye simu akiwapo. Mtoto ambaye hajabaleghe atazamwe mara nyingi. Aliyebaleghe, itokeapo dalili ya hatari, kama mgeni anayeomba picha, pesa au kukutana. Pili, usiku simu zote zilale sebuleni, ya baba ikiwa ya kwanza. Kwani amri ambayo mwenye nyumba haitii haina heshima. Tatu, kijana akija na kosa lake mwenyewe, asikizwe kabla ya kulaumiwa. Mzazi akiona uhai wa mtoto uko hatarini na mtoto amekataa kabisa kusema, hapo dharura ina hukumu yake. Hata hivyo amwambie alilolifanya na sababu yake.

Haya yana taabu kuliko kupekua, kwa kuwa yamtaka mzazi akae na mwanawe. Malezi hayakuwa mepesi kabla ya simu. Twamuomba Mola atuhifadhie watoto wetu, wa pwani na wa bara, na atupe sisi subira ya kuwasikiza. Amin.