Siri ya Nyumba Mbele ya Mnasihi

Anayekwenda kwa mnasihi, awe peke yake au pamoja na mwenzake wa ndoa, huenda kumweleza mtu baki mambo aliyolelewa kuyafungia ndani. Kwa familia nyingi za Waswahili kikwazo cha kwanza cha ushauri nasaha si ada wala umbali. Ni swali la dini na maadili: kumtolea mtu baki siri ya nyumba ni kutafuta msaada, au ni kuvunja amana?

Swali hilo lina mizizi. Kurani inawafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja akimsitiri mwenzake, na hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inamhesabu miongoni mwa watu waovu kabisa Siku ya Kiyama yule anayekuwa faragha na mkewe kisha akaenda kuitangaza siri yake. Neno sitara limebeba yote mawili, nguo na heshima. Ndiyo maana mke anayemlalamikia mumewe kwa watu huambiwa amemvua nguo, na mume anayesimulia ya chumbani barazani huonekana hana haya.

Hata hivyo, wanazuoni hawakuifanya sitara kuwa amri ya kunyamaza pale mtu anapoumia. Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alitaja katika Riyadh as-Salihin mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa kasoro yake hakuhesabiwi kuwa ghiba ya haramu. Miongoni mwake ni anayedhulumiwa anapomshtakia mwenye uwezo wa kumsaidia, na anayetaka fatwa. Hoja yake katika hili la fatwa ni kisa cha Hind, mke wa Abu Sufyan. Hind alimwendea Mtume, akamwambia kwamba mumewe ni bahili, hampi matumizi ya kumtosha yeye na mwanawe. Hakuambiwa arudi nyumbani akavumilie. Aliruhusiwa achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kuwatosha kwa wema.

Cha kutazama katika kisa hiki ni kipimo. Hind alitaja kasoro moja, inayohusu haja yake, kwa mtu anayeweza kuitatua. An-Nawawi anaongeza kwamba muulizaji akiweza kusema "mtu mwenye tabia hii" bila kutaja jina, ni bora zaidi, ingawa kutaja kunaruhusiwa. Kanuni hiyo inaweza kuhamishwa ilivyo hadi chumba cha mnasihi. Anayekwenda peke yake halazimiki kutaja jina la mumewe, kazi yake wala mtaa wanaokaa. Mazungumzo yatakwenda vilevile, kwa sababu anayetibiwa ni aliyekaa kwenye kiti.

Kabla ya mnasihi kulikuwa na kikao, na bado kipo. Aya ya 35 ya Surat An-Nisaa inaagiza mwamuzi mmoja kutoka kwa watu wa mume na mmoja kutoka kwa watu wa mke. Mitaani mara nyingi anayeitwa kwanza ni mshenga, kwa kuwa ndiye aliyeileta posa. Nchini Tanzania hata sheria imeupa usuluhishi nafasi yake: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa katika hali chache maalumu, ndipo mahakama ipokee ombi la talaka. Kuonana na mnasihi hakuondoi sharti hilo.

Nguvu ya kikao ni kwamba waliomo wanaweza kumbana mtu. Udhaifu wake nao ni huohuo. Wazee wamekaa mkekani, kahawa inazunguka, na mke anaulizwa mbele ya shemeji zake ana tatizo gani. "Hatuna neno kubwa, baba. Mambo madogo tu ya nyumba." Kila aliyepo anajua kuna kubwa. Watu wakitawanyika, shangazi humfuata jikoni, akamshika mkono: "Vumilia, mwanangu. Hata sisi tulivumilia." Kikao kimekwisha kwa suluhu, na lililokuwa likimkosesha usingizi halijatajwa.

Mnasihi hakai kwenye nafasi ya wazee hao, na hapa wengi hukosea matarajio. Tiba ya mazungumzo, ambayo ndiyo asili ya kazi yake, ilianzia Vienna. Kitabu cha madaktari Breuer na Freud cha mwaka 1895 kinaeleza habari za mgonjwa mmoja ambaye mwenyewe ndiye aliyeipa jina la tiba ya maneno. Carl Rogers, Mmarekani, aliisogeza mbele tangu miaka ya 1940 kwa kushikilia kwamba mtu akisikilizwa kwa dhati bila kuhukumiwa, ana uwezo wa kuiona njia yake mwenyewe. Kwa hiyo mnasihi hatasema "mwache" wala "rudi". Ndiyo sababu wapo wanaotoka kikao cha kwanza, cha dakika 50 hivi, wakinung'unika: "Ameniuliza maswali tu, hajaniambia kitu." Malalamiko hayo yana haki kiasi fulani, maana mtu aliyezoea kupewa nasaha na wakubwa huuona ukimya wa mnasihi kama kutojali. Mnasihi mzuri hueleza mapema kwa nini hatoi hukumu.

Wala usikilizaji huo si mali ya Wazungu peke yao. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza mabibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Huku pwani, somo, yaani mwanamke anayemfunda bibi harusi, alikuwa akisikia mengi ambayo mama mzazi hakuyasikia. Tofauti ni kwamba somo anamjua kila mtu, na mnasihi anatakiwa asimjue mtu.

Je, siri anayopewa mnasihi inafungwa kwa kufuli gani? Kufuli kali kuliko yote ni la kitubio katika Kanisa Katoliki. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliamua kwamba padri atakayefichua alichoungamiwa aondolewe kwenye upadri na kufungiwa monasterini afanye toba maisha yake yote. Kufuli la mnasihi ni jepesi zaidi, kwa makusudi. Mwaka 1969, huko California, kijana mmoja alimwambia mtaalamu wa kliniki ya chuo kikuu kwamba angemuua binti fulani. Askari wa chuo waliarifiwa, wakamshika na kumwachia. Binti hakuonywa, akauawa. Katika kesi iliyofuata, iitwayo Tarasoff, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua mwaka 1976 kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda aliye hatarini. Tangu hapo msimamo huo umeenea katika fani, ingawa sheria hutofautiana nchi na nchi: siri inalindwa hadi pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini.

Kwa wanandoa wanaokwenda pamoja kuna ugumu mwingine. Mume humpigia mnasihi simu siku ya pili: "Kuna jambo, lakini tafadhali mke wangu asijue." Akishalisikia, mnasihi ameingizwa upande mmoja bila ya mke kufahamu. Baadhi ya wanasihi hukataa kabisa kupokea siri ya mmoja. Wengine huipokea na kumpa mwenyewe muda wa kuitoa. Njia ya kwanza ni salama zaidi, kwa sababu katika kikao cha wawili anayehudumiwa ni ndoa, na ndoa haiwezi kuwekewa siri na nusu yake.

Penye kipigo mambo hubadilika. Mke anayemwogopa mumewe ama atasema uongo mbele ya mnasihi, ama atasema kweli na kuilipia usiku nyumbani. Mnasihi mwenye ujuzi huonana kwanza na kila mmoja peke yake na kuuliza. Akigundua hofu, huacha vikao vya pamoja na kushughulikia usalama.

Kwa hiyo kabla ya kuanza kuna ya kuulizwa. Nani mwingine atasikia au kusoma kinachosemwa, hasa ikiwa ukuta ni wa mbao na foleni iko nje? Ni jambo gani litamfanya mnasihi avunje ukimya? Siri ya mmoja atafanya nayo nini? Je, anaswali msikiti mmoja na mume, au ni rafiki wa mama mkwe? Nchini Kenya, ambako ipo sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, kuulizia usajili wake si utovu wa adabu. Asiyeweza kuyajibu haya waziwazi, hata awe na shahada ngapi ukutani, hajastahili kukabidhiwa siri ya nyumba ya watu.