Uza Mashine Unayoweza Kuitetea

Ndugu yangu unayefunga mifumo ya mauzo madukani, au unayetamani kuanza, kazi ipo tele. Kila duka la dawa linalofunguliwa Mbagala, kila minimaketi ya Sinza, kila duka la vifaa vya ujenzi Mwanza ambalo mwenyewe amechoshwa na daftari, linahitaji printa ya risiti, skana, droo ya pesa na mtu wa kuviunganisha vifanye kazi. Kwa nini mtu huyo asiwe wewe?

Tunachojiharibia ni namna ya kununua. Tunaingia Kariakoo, tunauliza ipi rahisi kuliko zote, tunabeba. Printa ikifa mwezi wa pili, mteja anapiga simu na sisi hatupokei. Biashara inafia hapo, wala haikuuawa na mshindani.

Jiulize mwenye duka anataka nini hasa. Mwaka 1879, James Ritty, mwenye baa huko Dayton, Ohio, Marekani, alitengeneza mashine ya kusajili mauzo kwa sababu wahudumu wake walikuwa wakidokoa fedha. Haja ile haijaondoka. Mama mwenye duka Tandika ambaye yuko safarini Morogoro anataka ajue leo kimeuzwa nini, na Jumamosi jioni foleni isikwame. Mashine itakayomkatisha tamaa saa hiyo usimuuzie, hata kama faida yake inakuvutia.

Anza na printa, maana ndiyo inayofanya kazi kuliko chochote pale kaunta. Printa nyingi za risiti hazitumii wino. Kichwa chake hupata joto na karatasi yenyewe hubadilika rangi. Kwa kibanda au mpeleka mizigo, ya karatasi ya milimita 58 inatosha. Kwa duka lenye foleni chukua ya milimita 80 yenye kisu cha kukata karatasi chenyewe. Kabla hujalipa, ifanyie mtihani hapo hapo kwa muuzaji: zima, shikilia kitufe cha kusogeza karatasi, washa. Nyingi zitatoa karatasi ya majaribio. Iangalie kwa karibu. Ukiona mstari mweupe mwembamba umepita wima katikati ya weusi, kichwa kina sehemu iliyokufa, rudisha. Kisha chapisha risiti nyingi mfululizo, ndefu kwa fupi, usikilize kisu. Kikianza kukwama mbele yako, kwa mteja kitakwama mapema zaidi, hasa duka la unga ambako vumbi linaingia kila upenyo. Muuzaji akikasirika kwa sababu unajaribu, hama duka.

Hakikisha pia printa inaelewa amri za ESC/POS. Ni lugha iliyoanzishwa na Epson, na watengenezaji wengine wengi wakaifuata. Faida yake kwako ni kubwa: siku printa ikiharibika, unaweka nyingine na mara nyingi programu ya mteja inaendelea bila kufumuliwa. Droo ya pesa nayo kwa kawaida hufunguliwa na printa, si kompyuta, kwa hiyo linganisha volti zake kabla ya kununua. Kuna za 12 na za 24, na ukikosea droo itakataa kufunguka au utaiunguza.

Skana nenda nayo kwa busara. Ya leza husoma mistari iliyochapishwa vizuri, lakini hushindwa kusoma QR, na kwenye kioo cha simu hukwama. Inayopiga picha, ile ya 2D, husoma mistari na QR pia. Duka la dawa lipe hiyo, kwa kuwa maboksi mengi ya dawa siku hizi yana vile vimraba vidogo vya nukta. Siku ya kununua, beba mfukoni pakiti iliyokunjamana, boksi la dawa na sacheti inayong'aa, uvisomeshe vyote.

Kompyuta za kugusa zilizotumika zina bei nzuri, ila uliza kama zinaweza kubeba Windows 11. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mteja anayekulipa leo hastahili kurithishwa tatizo hilo bila kuambiwa. Na usifunge kompyuta dukani bila UPS. Umeme wetu unajulikana.

Kuhusu mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, simama imara: hiyo huuzwa na wasambazaji walioidhinishwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) pekee. Usimdanganye mtu kwamba printa yako inachukua nafasi yake. Mweleze wazi, kisha mwelekeze kwa msambazaji halali. Mfanyabiashara anayeambiwa ukweli na fundi wake humtaja fundi huyo kwa jirani zake, na mtaa wa maduka una midomo mingi.

Sasa punguza tamaa ya kuuza kila kitu. Chagua aina mbili za printa, skana moja, droo moja. Zijue mpaka ndani: adapta yake ipi, kisu chake kinapatikana wapi, kichwa kinasafishwaje kwa pamba na spiriti huku printa imezimwa na imepoa. Weka stoo printa moja ya akiba ambayo huiuzi kwa bei yoyote. Mteja akipiga simu saa tisa mchana, unaipeleka, duka linaendelea kuuza, na iliyoharibika unaikarabati kwa utulivu. Karatasi za risiti beba kila unapopita. Fedha yake ni ndogo lakini inakurudisha kwa mteja, nawe unaona mashine inavyoendelea.

Mtaji mkubwa usiungoje. Wiki hii nunua printa moja uliyoichagua kwa macho yako, iunganishe kwenye duka la mtu anayekuamini, iache ifanye kazi Ijumaa mpaka Jumapili. Jumatatu nenda, fungua mfuniko, angalia kichwa na kisu, muulize mwenye kaunta ilimsumbua wapi. Ikiwa imevumilia, agiza ya pili.